Barafu ya ncha za dunia na kiwanja cha Pangani: pima kimo kabla ya umbali

*Swali: Nina kiwanja kando ya bahari wilayani Pangani, upana mita 40, urefu mita 60 kuelekea bara. Kutoka mwisho wa maji ya bamvua hadi bikoni za mbele ni kama mita 80 za mchanga na minazi. Nimeshaanza kukusanya matofali. Sasa mwanangu wa kidato cha tatu ameniletea video inayosema barafu ya Ncha ya Kaskazini itakwisha kabla ya 2050, na ramani inayoonyesha pwani yote kuanzia Tanga hadi Mtwara imemezwa na bahari iliyopanda zaidi ya mita 60. Mwenzangu anasema huo ni uzushi, kwani barafu ya Kusini inaongezeka. Wazee nao wananiambia Kisiwa cha Maziwe kilikuwa na miti na leo hakina hata mti mmoja. Nijenge, niuze, au nitafute kiwanja bara?*

Ndugu yangu, usiuze kwa sababu ya ile ramani, wala usijenge kwa sababu ya maneno ya mwenzako. Wote wawili wanazungumzia barafu, lakini hakuna aliyekwambia kiwanja chako kiko juu ya bahari kwa sentimita ngapi, na hilo ndilo litakaloamua. Kabla ya kufika huko, tuitenganishe kwanza barafu na barafu.

Kwenye Ncha ya Kaskazini hakuna nchi kavu. Pale ni Bahari ya Aktiki, na barafu yake ni maji ya bahari yaliyoganda, mara nyingi kwa unene wa mita chache tu. Barafu inayoelea imeshasukuma maji yenye uzito sawa na wake, kwa hiyo hata ingeyeyuka yote usiku mmoja, usawa wa bahari Pangani usingebadilika kiasi cha kuonekana. Kupungua kwake ni kweli kabisa. Septemba 2012 ilishuka hadi kilomita za mraba zipatazo milioni 3.4, karibu nusu ya ilivyokuwa Septemba za miaka ya 1980, na wataalamu wanatarajia kuiona bahari hiyo karibu tupu kwa Septemba moja angalau kabla ya 2050. Hapo video ya mwanao haikukosea sana. Ilikosea iliporuka kutoka hapo hadi kuzama kwa pwani. Madhara ya kupotea kwa barafu hiyo yanapita njia nyingine. Barafu yenye theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, zaidi ya asilimia 80 theluji ikiwa mpya, wakati maji ya bahari yaliyo wazi hurudisha chini ya asilimia 10 na kumeza mengine yote. Bahari hiyo ikipata joto, jirani yake Greenland anaumia, na Greenland ni kisiwa kikubwa cha nchi kavu kilichobeba barafu.

Mwenzako naye amebeba habari ya zamani. Barafu inayoelea kuzunguka Antaktika, bara la Ncha ya Kusini, iliongezeka kidogo katika picha za setilaiti hadi mwaka 2014 hivi, kisha ikaporomoka. Februari 2023 iliweka rekodi ya kuwa ndogo kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kuipima. Lakini hiyo nayo inaelea, kwa hiyo si ya kuhesabia usawa wa bahari. Ya kuhesabia ni ile iliyokaa juu ya ardhi. Tangu 2002 setilaiti za GRACE na wenzake waliozifuata zimekuwa zikipima uzito wa barafu hiyo kwa kuhisi nguvu yake ya mvutano, na jibu limekuwa moja: Greenland inapoteza wastani wa tani bilioni 270 kwa mwaka, Antaktika kama tani bilioni 140. Kila tani bilioni 360 zikiingia baharini, bahari zote za dunia hupanda milimita 1. Ongeza barafu ya milima mingine duniani, ongeza na maji yenyewe ya bahari ambayo hutanuka yakipata joto, utapata kasi ya sasa: milimita 4 na ushei kwa mwaka, mara mbili ya ilivyokuwa mwaka 1993 vipimo vya setilaiti vilipoanza. (Barafu ya Kilimanjaro, ambayo wengi huiulizia hapa, ni ndogo mno kuonekana katika hesabu hii. Kupotea kwake ni msiba wa mlima wenyewe.)

Ile ramani ya mita 60 imetoka kwenye hesabu sahihi iliyonyimwa tarehe. Barafu yote ya Greenland ingepandisha bahari kwa mita 7.4, ya Antaktika yote kwa mita 58 hivi. Zaidi ya mita 50 kati ya hizo ziko Antaktika ya Mashariki, ambako katikati ya bara wastani wa joto wa mwaka mzima ni nyuzi 50 chini ya sifuri na zaidi. Kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika sifuri kunahitaji joto mara 80 ya lile la kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Barafu yenye unene wa kilomita mbili au tatu haiondoki katika umri wa nyumba, wala wa ukoo. Ni jambo la maelfu ya miaka, na sehemu kubwa yake haitatokea kamwe ikiwa joto la dunia litazuiwa. Mwambie kijana afute ramani yoyote ya bahari isiyotaja mwaka.

Linalotukosesha usingizi sisi tunaofuatilia mambo haya ni dogo kuliko ile ramani, ila liko karibu zaidi. Ziko sehemu mbili za barafu ambazo hazipungui polepole kwa mwendo mmoja. Zikishalegea, huanza kujisukuma zenyewe.

Greenland inapoteza barafu kwa njia mbili zinazokaribiana kwa ukubwa: kuyeyuka kwa uso wakati wa kiangazi, na kumeguka kwa mito ya barafu inayoshuka hadi baharini. Kilele cha barafu yake kiko zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari, na urefu huo ndio ngao yake, kwa sababu hewa ya juu ni baridi. Uso ukiyeyuka unashuka, ukishuka unakutana na hewa ya joto zaidi, ukikutana nayo unayeyuka zaidi. Julai 2012 karibu uso wote wa Greenland uliyeyuka kwa siku chache. Tarehe 14 Agosti 2021 mvua ilinyesha kileleni kabisa, jambo ambalo halikuwahi kurekodiwa pale. Makadirio mengi yanaweka mpaka wa kutorudi nyuma kwa Greenland karibu na nyuzi 1.5 za ongezeko la joto la dunia, ingawa unaweza kuwa chini au juu ya hapo, na hata ukivukwa barafu yenyewe itachukua karne nyingi kwisha.

Antaktika ya Magharibi ni hadithi nyingine, na hapa ndipo penye shaka kubwa. Barafu yake nyingi imekalia ardhi iliyo chini ya usawa wa bahari, mahali pengine zaidi ya kilomita mbili chini. Chukua barafuto (mto wa barafu) ya Thwaites, upana wake kama kilomita 120, yenye barafu ya kutosha kupandisha bahari za dunia kwa sentimita 65. Hewa ya pale bado ni baridi. Inayoila ni bahari, kutokea chini. Maji ya kina kirefu yenye joto la nyuzi 1 hivi juu ya sifuri hupenya chini ya ulimi wake unaoelea hadi pale barafu inapogusa ardhi. Nyuzi 1 inaonekana si kitu, lakini ni maji ya chumvi, na mgandamizo wa kina hushusha kiwango cha kuyeyuka: mita 1,000 chini, barafu inayeyuka kwenye nyuzi 2.6 hivi chini ya sifuri. Kwa hiyo maji hayo yana joto la ziada la nyuzi zaidi ya 3, saa zote, kiangazi na kipupwe. Tatizo la pili ni kwamba ardhi iliyo chini ya Thwaites inazidi kushuka kadiri unavyoelekea bara. Kila mstari wa mguso unaporudi nyuma, barafu inayokutana na bahari inakuwa nene zaidi, nayo barafu nene humwagika kwa kasi zaidi.

Ulimi unaoelea, ingawa wenyewe haupandishi bahari, ndio kizibo cha barafu iliyo nyuma yake. Tuliliona hilo mwaka 2002, ulimi wa Larsen B wenye kilomita za mraba 3,250 hivi ulipovunjika kwa muda wa mwezi mmoja tu. Barafuto zilizokuwa zimezuiliwa nyuma yake ziliongeza mwendo mara kadhaa, na hapo ndipo bahari ilipopokea maji mapya. Thwaites itafika huko lini? Wapo wanaodhani kuta ndefu za barafu zitakazobaki wazi zitaporomoka zenyewe kwa uzito wake. Tafiti za karibuni zimepunguza hofu hiyo kwa karne hii, bila kuiondoa.

Sasa tarakimu za kujengea. Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la wataalamu wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, inasema wastani wa bahari za dunia ifikapo 2050 utakuwa umepanda kama sentimita 20 juu ya ulivyokuwa kati ya 1995 na 2014. Kwa 2050 haijalishi sana dunia inachoma mafuta kiasi gani sasa, maana joto lake limeshaingia baharini, na sehemu ya hizo sentimita 20 imeshapanda tayari. Ifikapo 2100 njia zinaachana: sentimita 28 hadi 55 ikiwa hewa ukaa itakatwa haraka sana, 44 hadi 76 kwa njia ya kati, 63 hadi 101 ikiachwa iongezeke. Ripoti hiyo hiyo inaweka pembeni onyo kwamba mita 2 ifikapo 2100 haziwezi kufutwa kabisa, ikiwa Antaktika itafanya yale tunayoyahofia. Ushauri wangu: kwa nyumba ya kuishi tumia sentimita 30 kwa 2050 na mita 1 kwa 2100. Hospitali au bandari ningeihesabia mita 2.

Kuwa mbali na ncha hakutuokoi. Greenland ni nzito kiasi kwamba huyavuta maji ya bahari yaliyo karibu nayo. Ikipungua uzito, maji hayo huachiliwa, na karibu na Greenland yenyewe bahari hushuka. Yanayoachiliwa huenda mbali, kwenye bahari za joto. Antaktika ikipungua, mambo ni hayo hayo kutokea upande wa pili. Sisi wa Bahari ya Hindi tuko mbali na zote mbili, hivyo kwa barafu hiyo tunapata wastani wa dunia au zaidi yake kidogo.

Ukitaka kuona kwamba bahari inaweza kufanya hivyo, tazama miamba ya matumbawe ya kale iliyobeba mji wa Mombasa na sehemu kubwa ya pwani yetu, ile ambayo wazee walichonga mawe ya kujengea misikiti. Matumbawe huota majini, na sehemu ya miamba hiyo iliota miaka ipatayo 125,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na joto linalokaribia la leo na bahari ikiwa juu ya sasa kwa mita 5 hadi 10. Maji hayo yalitoka Greenland na Antaktika.

Maziwe sasa. Ni kweli kisiwa kile kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa sana. Lakini bahari yote imepanda kama sentimita 20 tu tangu mwaka 1901, na sentimita 20 peke yake hazimezi kisiwa. Miti ikiondoka, mizizi inayoshika mchanga inaondoka nayo, na mawimbi ya kusi na kaskazi huuhamisha. Kunduchi jijini Dar es Salaam fukwe ziliisha kwa namna inayofanana, mchanga ulipochimbwa kwenye mito iliyokuwa ikizilisha. Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu kiwanja chako kinaweza kuliwa na bahari hata Thwaites ikitulia kabisa. Bahari iliyopanda kidogo huongeza tu nguvu kwa kazi ambayo uchimbaji mchanga na ukataji miti umeshaianza.

Basi tupime. Usitegemee kimo cha ramani za simu: vipimo vyake vinakosea kwa mita kadhaa, na mara nyingi huhesabu vichwa vya minazi kama ardhi. Subiri bamvua kubwa, ile ya Machi au ya mwishoni mwa Septemba, uangalie saa katika jedwali la maji kujaa na kupwa. Maji yakianza kupwa, weka kigingi pale mstari wa juu wa mwani na takataka ulipobaki. Halafu chukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule mafundi wanaosawazishia msingi, wa mita 20. Ujaze maji bila kuacha povu hata moja, kwa sababu povu likibaki kipimo kinadanganya. Ncha moja ishikwe kigingini, nyingine ipande kuelekea kiwanja hadi mwisho wa mpira, msome tofauti ya kimo, muweke kigingi kipya, mwendelee. Jumlisha tofauti zote hadi bikoni za mbele, kisha hadi za nyuma. Rudia kwa kurudi chini. Majibu mawili yakitofautiana zaidi ya sentimita 5, kuna kosa njiani.

Bikoni za mbele zikiwa chini ya mita 1 juu ya mstari wa bamvua, usijenge nyumba ya kudumu pale, tafuta pengine. Kati ya mita 1 na 2, jenga nyuma tu, na jamvi (sakafu ya zege) liwe juu. Zaidi ya mita 2 mafuriko ya bahari si tatizo lako la kwanza, na hapo ndipo umbali unaanza kuwa na maana, kwa sababu ya mmomonyoko. Kuna kanuni ya kukadiria kwamba ufuo wa mchanga hurudi nyuma mara 50 hadi 100 ya kiasi bahari ilichopanda. Ni ya kukadiria tu, haifai penye mwamba wala penye mdomo wa mto, ila inatoa picha. Kwa sentimita 20, mita 10 hadi 20. Kwa mita 1, mita 50 hadi 100. Mita zako 80 zinatosha hadi 2050 mchanga usipochimbwa. Kufika 2100 bahari inaweza kuwa imesimama kwenye bikoni za mbele, au imezipita.

Kwa hiyo ningejenga kwenye mita 20 za mwisho za kiwanja, upande wa bara, na kuacha mbele minazi na majani ya pwani yatambae. Sheria inaelekea huko huko: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo. Mita zako 80 zinapita leo, lakini ufuo ukisogea, kipimo nacho kinasogea.

Ukuta wa mawe mbele usiujenge. Wimbi likigonga ukuta wima linarudi na mchanga wa chini yake, ufuo unashuka, msingi wa ukuta unabaki hewani, na mchanga wa jirani unakatika pembeni. Kuta za pwani zinazodumu zina msingi mzito na kinga ya mawe makubwa mguuni, nazo ni gharama ya serikali. Kama upande mmoja wa eneo lako kuna mikoko, ilinde kuliko ukuta. Mikoko hukusanya tope na kupanda pamoja na bahari, ingawa tafiti zinaonyesha inashindwa bahari ikipanda kwa zaidi ya milimita 6 au 7 kwa mwaka.

Kisima kitakuonya mapema kuliko mawimbi. Chini ya pwani maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kila sentimita 1 ambayo maji ya kisima yako juu ya usawa wa bahari, kuna kama sentimita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Bahari ikipanda na wewe ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi hupanda kutoka chini. Chimba kisima nyuma kabisa, kifupi, vuta kidogo kidogo kwa muda mrefu badala ya kwa nguvu kwa saa moja, na upime kloraidi (kipimo cha chumvi) mwisho wa kila kiangazi. Ikikaribia miligramu 250 kwa lita utaanza kuionja. Punguza uvutaji hapo hapo, kwa sababu kisima kikishaingiwa na chumvi huchukua miaka kusafika. Shimo la choo nalo lisiwe refu, maana maji ya ardhini yatapanda pamoja na bahari na kulijaza kutokea chini.

Kabla ya kumwaga zege, yako mambo ambayo jibu la kuandikwa halitoshi. Mpira wa maji unakupa tofauti, haukupi kimo rasmi. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa aunganishe kiwanja na alama ya serikali ya vipimo, na akuandikie kimo cha bikoni zote nne juu ya bamvua kubwa, kwa sentimita. Kama kiwanja kiko karibu na mdomo wa Mto Pangani, au bikoni zako za mbele zimetoka chini ya mita 2, mwone mtaalamu wa pwani. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, ni mahali pazuri pa kuanzia. Nenda na picha za zamani za ufuo huo na majina ya wazee wanaokumbuka ulipokuwa. NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, watakuthibitishia mita 60 kwa maandishi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani itakueleza juu ya kibali cha kisima. Ukiona mizizi ya minazi ya mbele imeanza kubaki wazi msimu hadi msimu, au maji ya kisima cha jirani yamebadilika ladha, usisubiri bamvua ya Machi. Simamisha ujenzi, upimwe kwanza.